Taya Halikatwi Kabla ya Kusomwa

Mimi ni daktari wa upasuaji wa mataya. Maneno yafuatayo, kuhusu upasuaji wa kurekebisha taya, niliyatoa Jumamosi asubuhi mbele ya wagonjwa, wazazi na wauguzi waliokusanyika katika ukumbi mmoja hapa Nairobi. Kwa kuwa wengi walioalikwa walizuiwa na kazi na mvua, nimeyaandika kama nilivyoyasema. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha, na pale zilipohitajika nimeeleza kwa maneno.

Mwenyekiti wa kikao, wauguzi wenzangu wa wodini na wa chumba cha upasuaji, madaktari wa kupanga meno ambao bila ninyi kisu changu hakina kazi, wazazi wangu, na hasa ninyi vijana mlioketi mbele huku mmefunika midomo kwa viganja: habari za asubuhi. Nawaomba mshushe mikono. Katika ukumbi huu kila mtu ama amebeba taya lililomsumbua, ama amemzaa au amemuuguza aliyelibeba.

Kwa miaka mingi, wagonjwa wanaokuja kliniki wameanza na mambo mawili. La kwanza ni bei. La pili ni picha: mtu hutoa simu, akanionyesha uso wa mtu mwingine, akaniambia, "Daktari, nataka nitoke hivi." Jambo ambalo lilistahili kutangulia huulizwa na wachache mno: "Daktari, taya langu lina umbo gani, na umbo hilo litaupokeaje upasuaji unaotaka kunifanyia?" Nimekuja kuwaomba mwanze na hilo. Mkono uleule, msumeno uleule, vibamba vilevile vya chuma cha titani vya kuushikilia mfupa uliokatwa hutoa matokeo yasiyofanana kwa sababu mataya hayafanani, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo huweza kuonekana kabla mgonjwa hajalazwa. Fundi cherehani wa soko la Gikomba hathubutu kukukatia suti kwa kipimo cha jirani yako. Je, mfupa unastahili uangalifu mdogo kuliko kitambaa?

Jambo hili halikuanza jana. Mwaka 1849, katika mji wa Wheeling nchini Marekani, daktari Simon Hullihen alimpokea mwanamke kijana aliyeungua usoni na shingoni tangu utotoni. Kovu la shingo lilikuwa limevuta taya la chini kwa miaka mingi, hata sehemu ya mbele ikarefuka na kuinama, na mdomo haukufumba. Hullihen angeweza kushughulikia ngozi peke yake, kwa sababu ngozi ndiyo iliyoonekana. Hakufanya hivyo. Alitambua kwamba mfupa ulikuwa umekua ukilifuata kovu, akaanza kwa kukata kipande cha mfupa na kuirudisha sehemu ya mbele mahali pake, kisha ndipo akaigeukia shingo na mdomo. Upasuaji huo huhesabiwa kuwa wa kwanza wa kurekebisha taya la chini, nami huwaambia wanafunzi wangu kwamba ulianza kwa mtu kutazama umbo na kujiuliza limetoka wapi.

Sasa nawaomba tufanye jambo pamoja. Wekeni kidole mbele kidogo ya sikio, mfungue mdomo na kuufumba. Kile mnachokisikia kikitembea chini ya ngozi ndicho kichwa cha taya, kilichoingia katika kiungo chake. Shukeni taratibu hadi kwenye kona ya taya: sehemu hiyo inayosimama wima huitwa tawi la taya. Kutoka kwenye kona, fuateni ukingo wa chini hadi kidevuni. Sasa mtazame jirani yako. Kwa mmoja ukingo huo umelala, karibu usawa na meza. Kwa mwingine unateremka mkali kama njia ya kushuka bondeni. Kwa mmoja tawi ni refu na pana; kwa mwingine ni fupi na jembamba. Hayo mliyoyagusa kwa kidole, mteremko wa ukingo, urefu wa tawi na ukubwa wa kile kichwa kilicho mbele ya sikio, ndiyo yatakayoamua mengi ya nitakayowasimulia.

Nianze na hadithi ambayo imenifunza kuliko nyingine zote.

Wasichana wawili walifika kwetu katika muda unaokaribiana. Wote walikuwa na kidevu kilichorudi nyuma, wote walivaa waya za meno kwa zaidi ya mwaka mmoja, na wote walihitaji taya la chini lisogezwe mbele kwa takriban milimita 8. Mtu anayesoma faili zao haraka angesema ni mgonjwa mmoja aliyeandikwa mara mbili. Upasuaji ulikuwa uleule, ule ambao daktari Hugo Obwegeser aliuanzisha katika miaka ya 1950 na ambao Mwitalia Dal Pont aliuboresha mwaka 1961. Katika upasuaji huo tawi la taya hupasuliwa kwa unene wake, ganda la nje likaachana na ganda la ndani kama mbao mbili zilizogundishwa zinapoachanishwa. Sehemu yenye meno huteleza mbele, sehemu yenye kiungo hubaki mahali pake, na mahali zinapopishana hufungwa kwa vibamba na skrubu. Mifupa ya wote wawili ilipasuka vizuri. Wote walirudi nyumbani wakitabasamu kwa midomo iliyovimba.

Mwaka mmoja baadaye, msichana wa kwanza alikaa kwenye kiti changu na meno yake yalikutana kama siku tuliyoyafunga. Wa pili aliketi kwenye kiti hichohicho na meno ya mbele yalikuwa yameachana kiasi cha kupitisha ncha ya ulimi, na kidevu kilikuwa kinarudi kule kilikotoka. Alinitazama akaniuliza, "Daktari, nilikosea wapi? Nilikunywa uji kama mlivyoniambia. Nilivaa raba za meno usiku na mchana." Ndugu zangu, hakukosea popote. Jibu lilikuwa kwenye eksirei yake ya kwanza, na ni mimi niliyepaswa kulipatia jibu hilo uzito wa kutosha.

Msichana wa kwanza alikuwa na uso mfupi wa mraba, ukingo wa taya uliolala, tawi refu na vichwa vya taya vinene. Taya la namna hiyo, likisogezwa mbele na kushuka kidogo, haliivuti misuli ya kutafunia kupita kiasi. Tena daktari wa kupanga meno anayejua kazi yake huacha kwa makusudi mkunjo wa safu ya meno ya chini bila kuusawazisha, ili taya lishuke linaposogea na uso upate urefu ulioukosa. Msichana wa pili alikuwa na uso mrefu, ukingo unaoteremka mkali, tawi fupi, na vichwa vya taya vidogo vilivyoegemea nyuma kwenye shingo nyembamba za mfupa. Ukilisogeza taya kama hilo mbele huku ukiipandisha sehemu ya mbele ili meno yakutane, misuli na ngozi ya chini ya kidevu hutanuka na kuvuta kurudi nyuma, na mvuto huo huishia kwenye kile kichwa kidogo ndani ya kiungo. Kwa baadhi ya watu, hasa wanawake vijana wenye umbo hilohilo nililolieleza, kichwa cha taya huanza kuyeyuka. Mfupa humezwa na mwili wenyewe, tawi hufupika, taya huzunguka kurudi nyuma, na meno ya mbele huachana.

Je, vibamba vya titani vilivunjika? La. Skrubu zililegea? La. Pale tulipokata palishikamana imara; kilichopungua ni mfupa wa mahali ambapo kisu hakikufika kabisa. Ndiyo maana nasema umbo, narudia kusema umbo. Mkimsikia daktari akiwaambia kwamba matokeo yatadumu kwa sababu vifaa vyake ni vya kisasa, mwulizeni kuhusu kiungo. Mwulizeni kuhusu mteremko wa ukingo. Mwulizeni kama anajua iwapo mgonjwa husikia maumivu au mlio mbele ya sikio, na kama amelinganisha picha za kiungo za miezi tofauti kuona kama kichwa cha taya kimetulia au kinaendelea kupungua. Nitarudi kwa msichana wa pili baadaye.

Wakati mwingine ni vyema kujua pia kwamba si kila msogezo wa mfupa una utulivu sawa. Kupandisha taya la juu ndiko kunakotulia kuliko yote. Kusogeza taya la chini mbele hutulia vizuri kwa wenye uso mfupi au wa kawaida, na hutulia kwa mashaka kwa wenye uso mrefu. Kushusha taya la juu huyumba zaidi, na kulipanua kwa ubavu ndiko kunakoyumba kuliko yote. Kwa hiyo mwenye uso mrefu ambaye meno yake ya mbele hayakutani, ijapokuwa kinachomkera ni kidevu, mara nyingi anahitaji taya la juu lipandishwe upande wa nyuma, ndipo la chini lijizungushe lenyewe mbele na juu bila kulazimishwa. Mgonjwa hushangaa: "Nimekuja kwa ajili ya kidevu, mbona mnakata juu?" Ni kwa sababu umbo lake limetuelekeza huko.

Hadithi ya pili ni ya mpiga tarumbeta wa bendi ya kanisa, mwenye umri wa miaka 27, ambaye taya lake la chini lilitangulia mbele ya la juu. Alikuwa amesoma mengi kuhusu upasuaji wa kupasua tawi kwa unene na alikuja akiwa ameuchagua tayari, kwa sababu mgonjwa wa upasuaji huo huweza kufungua mdomo mapema bila kufungwa meno kwa waya. Tulimpiga skani ya pande tatu. Tawi lake lilikuwa jembamba kama biskuti. Kati ya ganda la nje na la ndani karibu hapakuwa na ule mfupa laini wenye vitundu ambao patasi hupita ndani yake, na mfereji wa neva ulikuwa umelala ukiligusa ganda la nje.

Niwaeleze kwa nini jambo hilo lilitukosesha usingizi. Ndani ya taya la chini hupita neva inayopeleka hisia kwenye mdomo wa chini na kidevu. Katika upasuaji huu tunapasua mfupa kuizunguka, na karibu kila mgonjwa huamka mdomo wake wa chini ukiwa na ganzi. Kwa wengi hisia hurejea polepole katika majuma na miezi. Kwa wengine sehemu ya ganzi hubaki maisha yote. Mfupa ukiwa mnene na neva ikiwa katikati, patasi ina nafasi. Mfupa ukiwa mwembamba na neva ikiwa imebanwa kwenye ganda la nje, hatari ya kuijeruhi huongezeka, na vilevile hatari ya mfupa kupasuka vibaya, yaani ufa kukimbilia mahali ambapo hatukuuelekeza. Gego la mwisho likiwa bado limezama ndani ya mfupa hapohapo, nafasi hupungua zaidi. Ndiyo sababu tunapenda ling'olewe takriban miezi 6 kabla.

Kwa mwalimu wa hesabu, ganzi ndogo ya mdomo ni kero anayoweza kuizoea. Kwa mpiga tarumbeta, mdomo ndio kazi, mdomo ndio ibada, mdomo ndio yeye. Tulimweleza njia nyingine: kukata tawi kwa mstari wa wima nyuma ya mahali neva inapoingia kwenye mfupa. Njia hiyo hufaa kwa kurudisha taya nyuma tu, wala haifai kulisogeza mbele, na humwacha mgonjwa amefungwa meno kwa waya kwa majuma kadhaa akinywa supu na uji kwa mrija; lakini huiacha neva kwa usalama zaidi. Alikaa kimya kidogo, kisha akauliza, "Daktari, majuma 6 ya uji, halafu Pasaka nipige?" Nilimjibu kwamba Pasaka ya mwaka ule ilikuwa karibu mno, ila ya mwaka uliofuata tulikuwa na matumaini nayo makubwa. Alichagua uji. Ninamtaja kwa furaha, kwa sababu hakuna orodha ya bei ambayo ingemwambia lipi achague. Alichagua vizuri kwa kuwa alionyeshwa unene wa mfupa wake mwenyewe na akaelezwa maana yake.

Sasa niwageukie wazazi. Mama mmoja kutoka Pangani alimleta mwanawe wa miaka 15 ambaye meno ya chini yalikuwa mbele ya meno ya juu. Alikuwa na haraka, nami simlaumu, kwa maana mtoto alikuwa akitaniwa shuleni hadi akakataa kusimama kusoma darasani. Mama alisema, "Daktari, taya la chini limekuwa kubwa, lipunguze." Niliweka karatasi angavu juu ya eksirei ya pembeni, nikachora mistari, nikamwita aone. Taya la chini la mwanawe lilikuwa na urefu wa kawaida. Lililobaki nyuma lilikuwa la juu: mashavu yaliyobonyea chini ya macho, mdomo wa juu uliokosa cha kuuegemeza. Tungelikata lililo zima ili lilingane na lililopungukiwa, tungepata meno yanayokutana na uso uliobonyea pande zote mbili.

Mnaujua ukoo wa wafalme wa Habsburg? Kwa karne kadhaa walioana wao kwa wao, na kidevu chao kilichochomoza kikawa maarufu katika michoro. Charles II wa Hispania, aliyefariki mwaka 1700, ndiye hutajwa zaidi. Dunia nzima hulisema taya lao la chini. Lakini watafiti walipowaomba madaktari 10 wa upasuaji wa uso wazichunguze picha 66 za ukoo huo, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2019, walikuta pia dalili za taya la juu lililorudi nyuma. Macho ya watu yaliona kilichochomoza, hayakuona kilichopungua. Macho ya mama wa Pangani yalifanya hivyohivyo, na ya mama yeyote yangefanya hivyo.

Kuna jambo jingine kuhusu kurudisha taya la chini nyuma. Taya ndilo linaloushikilia ulimi kwa mbele. Ukilirudisha sana, ulimi hurudi nalo, njia ya hewa nyuma ya ulimi hupungua, na mtu ambaye hakuwahi kukoroma huweza kuanza kukoroma. Ngozi ya chini ya kidevu nayo hukosa pa kukaa ikakunjamana. Kwa sababu hiyo mara nyingi tunaugawa msogezo: la juu mbele kidogo, la chini nyuma kidogo. Kwa upande wa pili, wale wanaozibwa pumzi usingizini kwa sababu mataya yao ni mafupi husaidiwa kwa kuyasogeza yote mawili mbele, takriban milimita 10, na hewa hupata njia.

Na ule umri wa miaka 15? Nilimwambia mama tusubiri. Alikasirika. Nilimsimulia kijana mwingine, ambaye alikuwa amefanyiwa upasuaji mahali pengine akiwa na umri huohuo, meno yakapangwa vizuri, kila mtu akashangilia, na alipofika miaka 18 taya lilikuwa limekua tena na kumpita daktari wake. Msumeno haulisimamishi taya linalokua. Wasichana wengi humaliza ukuaji wa mataya mapema kuliko wavulana, na wenye taya la chini lililotangulia huendelea kukua kwa muda mrefu kuliko wengine. Kwa hiyo tunapiga eksirei ya pembeni, tunasubiri miezi 6 au mwaka, tunapiga nyingine, tunazilaza moja juu ya nyingine. Mistari ikipishana, tunasubiri tena. Mama yule alisubiri, akamhamisha mtoto shule, na sasa kijana yuko katika hatua ya waya za meno akijiandaa kwa upasuaji wa taya la juu.

Wenye uso uliopinda upande mmoja, ninawaambia hayohayo kwa ufupi: kwanza tujue kama kile kichwa cha taya cha upande mrefu bado kinakua, kwa skani ya mifupa inayoonyesha mahali penye kazi, kisha ndipo tuzungumzie kunyoosha. Na wenye watoto walioanguka wakaumia kidevu wakiwa wadogo, kisha mdomo ukaanza kufunguka kwa shida mwezi baada ya mwezi, msingoje wala msiambiwe mtoto ana deko la kula. Kiungo kinaweza kuwa kinaganda, na taya ambalo kiungo chake kimeganda halikui. Ni lazima kiungo kifunguliwe kwanza, umbo lishughulikiwe baadaye. Siku hizi mfupa wa taya huweza hata kurefushwa polepole, milimita moja hivi kwa siku, kwa chombo kinachofungwa juu yake, njia ambayo taarifa yake ya kwanza kwa taya la binadamu ilichapishwa mwaka 1992. Lakini kurefusha huko huanza na mtoto aliyeletwa mapema.

Nimefika kwenye jambo ambalo linaniuma moyoni, nalo ni hili: umbo letu linapimwa kwa rula ya nani?

Mwanafunzi mmoja wa chuo alifika kwangu akiwa na karatasi aliyopewa mahali pengine. Ilisema kwamba mataya yake yote mawili "yamezidi" na kwamba midomo yake "imevuka mstari." Alikuwa amelia kwa siku mbili. Nikaitazama karatasi, nikamtazama yeye. Alikuwa na uso mzuri uliotulia, midomo yake ilikutana bila kukazwa, meno yake yalitafuna vizuri, na alipumua kwa pua. Basi kilichozidi ni nini? Zile namba za pembe zinazopimwa kwenye eksirei ya pembeni kuonyesha taya limesogea mbele kiasi gani, nyuzi 82 za taya la juu, nyuzi 80 za taya la chini na nyuzi 2 za tofauti kati yake, tunazozikariri sote darasani, zilitokana na nyuso za Wamarekani weupe. Ule mstari unaochorwa kutoka ncha ya pua hadi kidevuni, ambao midomo inatakiwa ibaki nyuma yake, unategemea pua ndefu ya kuushikilia. Watoto wa Kikuyu walipopimwa hapa kwetu, na vipimo vyao vikachapishwa mwaka 1989, meno yao ya mbele yalionekana kuinama mbele zaidi ya vipimo vile. Huo haukuwa ugonjwa wa watoto wa Kikuyu. Ulikuwa upungufu wa rula.

Msinielewe vibaya. Wapo ndugu zetu ambao meno na mataya yamesogea mbele mno, midomo haikutani hadi waikaze na kidevu kikunjamane kama ganda la chungwa, na hao tunawasaidia, pengine kwa kung'oa meno manne na kuyarudisha ya mbele kwa waya, pengine kwa kukata sehemu ya mbele tu ya mataya na kuirudisha. Lakini kipimo ni midomo yake inapopumzika, kinywa chake kinapotafuna, na jicho lake mwenyewe mbele ya kioo, kwa kulinganishwa na nyuso za watu wake.

Tena umbo la ngozi na pua huamua matokeo sawasawa na umbo la mfupa. Kidevu cha mfupa kikisogea, ngozi yake huifuata karibu hatua kwa hatua. Mdomo wa juu hufuata kwa takriban nusu tu, na mdomo mnene hufuata kwa uvivu zaidi kuliko mwembamba. Taya la juu likisogezwa mbele au juu, tako la pua hupanuka. Kwa mwenye pua nyembamba jambo hilo huenda lisitambulike. Kwa mwenye pua pana kama yangu, ni lazima lizungumzwe kabla, na tunapofunga jeraha tunapitisha uzi chini ya pua kuzivuta pembe zake zikaribiane. Yule mwanafunzi nilimrudisha nyumbani bila upasuaji. Wazazi wake walinipigia simu kuuliza kama nilikuwa nimemchunguza kweli. Niliwaambia nilimchunguza kwa saa nzima, na kwamba kumwacha kama alivyo ndiyo tiba niliyoiandika.

Kwa hiyo mkija kliniki, njooni na eksirei zenu za zamani, hata zile za miaka mitano iliyopita zilizokunjwa kabatini, kwa sababu mfupa unasomwa vizuri zaidi ukiwa na historia. Njooni na picha zenu za utotoni na, ikiwezekana, na baba au shangazi mnayefanana naye kidevu. Picha ya mtu mwingine kwenye simu mnaweza kuja nayo pia, nitaitazama kwa heshima, lakini nitaiweka pembeni na kuichukua yenu.

Niliahidi kurudi kwa msichana wa pili. Baada ya meno yake kuachana, hatukumkimbiza tena mezani. Tulimpa kifaa cha plastiki cha kuvaa juu ya meno ili kiungo kipumzike, tukapiga picha za kiungo mara kwa mara, tukasubiri karibu miaka miwili hadi vichwa vya taya vilipoacha kupungua. Ilikuwa miaka migumu. Kuna siku alikataa kuniona, na alikuwa na haki. Kisha tulimfanyia upasuaji wa pili, safari hii bila kugusa tawi la taya la chini wala kukisukuma kiungo: tulipandisha taya la juu upande wa nyuma, la chini likazunguka lenyewe, na kidevu peke yake tukakikata na kukisogeza mbele. Lilikuwa jambo ambalo umbo lake lilituomba tangu mwanzo. Mwaka huu ni wa tatu tangu siku hiyo, na meno yake bado yanakutana.

Wiki iliyopita nilimwomba ruhusa ya kuisimulia habari yake hapa bila kumtaja jina. Alinijibu kwamba afadhali aje mwenyewe. Ndiye yule dada aliyeketi karibu na dirisha, mwenye kilemba cha samawati. Amesema yuko tayari kujibu maswali yenu yote, pamoja na yale ambayo ningependa yasiulizwe nikiwapo, kwa hiyo mimi nitatoka nje kwa nusu saa. Muuguzi, tafadhali mpe kipaza sauti.